Utenzi Wako wa Vita

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi huku mzima, watoto wazima, mguu wa mama umepoa kidogo, na mengine utayasikia kwa Mwanaidi ambaye hawezi kulala na jambo. Hofu yangu ni kwako wewe uliyeko Bagamoyo na umeninunia.

Usibishe, umeninunia. Utenzi wako wa Vita vya Tanga ulinifikia kabla ya Ramadhani na mpaka leo sijakuambia neno. Nilinyamaza makusudi. Ningekupigia simu ningesema "mzuri, hongera", nawe ungeupeleka hivyohivyo kwa watu wako wa tamasha. Maneno haya yalitaka karatasi.

Vina vyako havina kasoro. Mizani nane kila kipande, nimehesabu kwa vidole kama alivyotufundisha Mwalimu Kombo, sikukuta kipande kilicholegea. Na pale ulipochanganya mizinga ya nyuki na mizinga ya baruti nilicheka peke yangu jikoni. Lakini Zuhura, mbona hakuna anayeumia? Beti mia na ushei, simba wananguruma, risasi zinanyesha kama mvua, mashujaa wanaanguka, na hakuna aliyetapika, aliyejikojolea, aliyeomba maji. Wanakufa kama waigizaji jukwaani, ungoje kidogo tu watainuka kupigiwa makofi.

Nilimsomea mjomba Athumani. Unamjua, ya Kagera hayazungumzi. Nilipofika kwenye risasi zako akanikatisha: "Risasi hainyeshi. Mvua ndiyo iliyonyesha." Kisha akaanza, bila kuulizwa, habari ya matope. Matope tu! Mwaka 1979, masika, wanakwenda Uganda kwa miguu, nguo hazikauki, vidole vya miguu vinababuka. Adui hakumtaja. Alipomaliza akaomba chai, nami sikuwa na ubavu wa kuendelea kusoma.

Sasa rudi Raskazone, hapa kwetu Tanga, Novemba 1914. Wale askari wa Kihindi walioletwa na Waingereza walikuwa wamekaa majini wiki kadhaa tangu Bombay, wengi hoi kwa kichefuchefu cha bahari, halafu wanashushwa pwani wasiyoijua. Tarehe 4 wanapelekwa mbele kwenye mashamba ya mpira na mkonge, jua letu hili unalijua, hawaoni mbele wala kando. Hapo ndipo nyuki wanapotoka, nao hawabagui, wanawauma Waingereza na Wadachi, yaani Wajerumani, sawasawa. Jeshi la watu kama 8000 likarudishwa na watu kama 1000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wadachi, na kesho yake likarudi melini likiacha bunduki kwa mamia na risasi kwa malaki. Wewe umetupa idadi, umetupa ushindi. Mimi nataka yule mmoja anayekimbia huku uso umevimba kwa nyuki, bunduki kaitupa.

Najua utakalosema: utenzi ni wa kusifu mashujaa, ndivyo wazee walivyotunga. Mbona Hemedi bin Abdallah, wa mwambao wetu huuhuu, alitunga vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, vita ambavyo Abushiri, kiongozi wa waliowapinga Wadachi, aliishia kunyongwa Pangani Desemba 1889? Huo ni utenzi wa upande ulioshindwa, bibi. Na usiniambie hukuwepo. Shaaban Robert naye hakuwa askari, akatunga vita vya 1939 hadi 1945 kwa utenzi mrefu kuliko subira yangu.

Wala usisingizie vina. Yule Mwingereza, Wilfred Owen, ana vina vya kupanga vizuri tu, na ndani yake kuna askari waliopinda migongo kama ombaomba, wanakohoa, wengine wamepoteza buti na miguu ina damu, wanatembea wamelala. Gesi inaingia. Wote wanavaa vinyago isipokuwa mmoja aliyechelewa, naye mshairi anamtazama akitapatapa kama anayezama, kisha anamwota usiku. Mwishoni anamgeukia anayewaambia watoto kwamba kuifia nchi ni kutamu, anamwambia huo ni uongo wa zamani. Aliyatunga hayo mwaka 1917 hospitalini Craiglockhart, Scotland, ambako alikutana na Siegfried Sassoon, mshairi mwenzake, akawa anamwonyesha kazi zake na Sassoon anamsahihisha. (Basi leo mimi ndiye Sassoon wako, vumilia.) Owen akarudi vitani, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, imebaki wiki moja vita viishe. Tarehe ileile ya kwetu Zuhura, miaka minne baadaye! Nilitaka kukupigia simu usiku uleule, ila ningekosa kununiwa.

Jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma. Lettow-Vorbeck umempa beti kumi. Wapagazi hakuna, hata kipande. Vita vile viliendelea mpaka 1918, na watu wetu waliobebeshwa mizigo walikufa kwa maelfu, kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Nani atawaimba kama si mtu wa huku? Nimejaribu ubeti, usicheke:

Bega lakatwa na kamba,
miguu imemvimba,
yuwaikumbuka nyumba,
na vita si vyake yeye.

Ukiupenda uchukue, ukiuona mbovu unyooshe. Sitaki jina langu popote, shemeji yako asije akasema nimeanza tena.

Haya, niambie. Tamasha ni lini hasa, na mwisho wa kupeleka kazi umeshapita? Ukipunguza beti za Lettow-Vorbeck wale waandalizi watalalamika? Na yule bibi wa Dunda uliyeniambia babu yake alikuwa askari wa Mdachi, bado yupo, anaweza kukusimulia alichokuwa anakula njiani? Utakuja Tanga Iddi ijayo au ndiyo mpaka mtu afe? Mjomba amesema ukija atakaa nawe, mradi usije na daftari. Na ile khanga yangu, Zuhura, iko wapi?

Wako,
Mwanamkasi