Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wauza Leso

Ndugu wanachama, akina mama na akina baba mliofika, assalaam alaikum na habari za asubuhi.

Kwa desturi taarifa hii huanza na hesabu za chama. Mwaka huu naomba mniwie radhi, kwa kuwa hesabu zimekwisha kaguliwa, nakala mmegawiwa mlangoni, na mhazini atazisoma na kujibu maswali yenu nikishaketi. Habari za ada na leseni za kaunti zimo katika kumbukumbu za katibu, na sina la kuongeza. Muda wangu nimeazimia kuutumia kumzungumzia makamu mwenyekiti wetu, aliyefariki dunia katika mwezi wa Shaabani na tukamzika makaburini Kikowani siku ileile baada ya swala ya Laasiri. Ahali zake wameridhia maisha yake yaelezwe katika taarifa hii, ila jina lisiandikwe, kwani mwenyewe hakupenda kutangazwa. Kwa hiyo nitamwita marehemu tu, na nyote mnamjua.

Wengi wenu mlimkuta tayari ni tajiri wa duka, mkadhani duka amelirithi. Hakurithi kitu. Aliingia Barabara ya Biashara, hapa Mombasa, akiwa kijana wa kutandaza nguo, akitoka Kisauni kwa baiskeli na kuvuka lile daraja la zamani lililokuwa likielea, kabla ya Daraja la Nyali tunalolitumia leo kufunguliwa mwaka 1980. Kazi yake ilikuwa kufungua marobota, kuhesabu leso, yaani kanga, kwa korija za ishirini ishirini na kuzipanga rafuni, na ujira wake ulimtosha chakula na kidogo cha kumpelekea mamake. Tajiri wake alipoona kijana huyu ana jicho la nguo na mkono usiodokoa, alianza kumpa doti chache, yaani leso jozi jozi, kwa mali kauli, auze kwanza alipe baadaye, ili azitembeze Likoni na Mtongwe siku za Jumapili. Mtaji wake wote ulitokana na doti hizo, na ndiyo sababu mpaka uzeeni hakuweza kumfukuza mchuuzi aliyesimama mlangoni pake bila pesa.

Jicho hilo la nguo ningependa vijana waliojiunga nasi mwaka huu walijue, maana halifundishwi popote. Robota jipya likifunguliwa, marehemu hakutazama rangi kwanza. Alishika pindo baina ya kidole gumba na cha shahada akalisugua, kisha akaipindua leso kuona kama rangi imepenya hadi upande wa pili, kisha akachovya kipembe kimoja katika kikombe cha maji na kukifikicha mpaka wanga utoke, ndipo aione pamba ilivyo hasa. Leso iliyolegea baada ya kufikichwa aliirudisha kwa aliyemletea, hata kama mchoro wake ulikuwa ndio unaoulizwa na kila bibi harusi mjini. Kwa mtaa ambao nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo wateja wanaijua kwa jina la Abdulla, imekuwa ikiuza leso tangu mwaka 1887, mtu hawezi kujitengenezea jina kwa nguo hafifu, naye alilijua hilo mapema.

Miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa kwa mitumba na viwanda vyetu vya nguo vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine, wauza leso wengi waligeukia vitambaa vya mapazia au wakafunga kabisa. Marehemu alibaki. Aliagiza kutoka India, na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kujaza kontena peke yake, aliwakusanya wenzake wachangie kontena moja, kila mmoja na marobota yake yaliyotiwa alama. Chama hiki tunachokaa ndani yake leo kilizaliwa na mipango hiyo ya kontena, na wale waliokuwapo watanithibitishia kwamba katika miaka yote ile hakuna aliyepotelewa na robota.

Sasa nije kwa mume na baba, kwa sababu kwa marehemu mambo haya hayakutengana na duka. Hakuna mchoro uliopelekwa kiwandani kabla ya kupitia mikononi mwa mkewe. Alimpelekea karatasi nyumbani, naye bibi akatazama mji, yaani sehemu ya kati, na pindo, kisha akasoma kwa sauti jina, yale maneno yanayoandikwa kwenye leso. Marehemu, kwa tabia yake ya upole, alipendelea majina ya shukrani na dua. Mkewe ndiye aliyemfahamisha kwamba mwanamke hununua leso ili imsemee yale ambayo mdomo wake hauwezi kuyasema, na kwamba jina lenye kijembe kidogo humaliza mzigo kabla ya Idi. Waliwahi kubishana siku tatu juu ya neno moja, na bibi akashinda, na mzigo ukaisha. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetusimulia hayo barazani, tena kwa fahari, na mimi nasema bila kificho kwamba duka lile lilikuwa na wafanyabiashara wawili, ingawa chamani kwetu aliandikishwa mmoja.

Saa sita na nusu alifunga mlango, kama wazee wa mtaa wetu walivyozoea, akaenda kula na watoto wake. Baadhi yetu tuliacha desturi hiyo kwa kuogopa mteja kwenda kwa jirani, yeye hakuiacha. Magharibi ilimkuta Kibokoni, nyumbani kwake. Watoto wake wote, wa kike kwa wa kiume, walipitia kaunta wakati wa likizo, na aliwalipa ujira ule ule aliomlipa kijana wa kuajiriwa. Aliposhauriwa afungue tawi Nairobi, alipiga hesabu, akaona faida ipo, kisha akakataa kwa sababu mtoto wake wa mwisho alikuwa bado darasani na hakutaka kumlea kwa simu. Wapo waliosema alikosa tamaa ya biashara. Kwa maoni yangu alikuwa na hesabu yenye safu moja zaidi ya zetu.

Si kwamba alikuwa malaika. Matangani nilisikia mtu akisema kwamba marehemu hakuwahi kukasirika, nikajua msemaji hajapata kuchelewa kikaoni. Alifoka, na alifoka kwa Kimvita safi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 aliikataa kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote mtaani, akiamini pesa isiyoshikika haihesabiki, mpaka binti yake alipobandika namba ya malipo ukutani bila kumwomba ruhusa.

Mei 2020 serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa ajili ya korona, ilikuwa Ramadhani, msimu ambao sisi huuza mzigo tuliouagiza tangu mwaka uliotangulia. Wachuuzi wa Kisauni na Changamwe walikuwa na mali yake mikononi na hawakuwa na wa kumuuzia. Marehemu alimpigia simu kila mmoja, si kudai, bali kuwaambia wasiuze kwa hasara ili wamlipe, kwamba leso haiozi na Idi nyingine itakuja. Wengine tulidai, na baadhi ya wachuuzi wetu hawajarudi madukani mwetu mpaka leo. Wake wote walirudi.

Alipofariki, wanawe waliniita tufungue madaftari pamoja. Yalikuwa mawili. La kwanza ni la wanaomdai, nalo lilikuwa na kurasa chache, kila deni na tarehe yake na saini ya pande mbili. La pili ni la anaowadai, daftari nene lenye jalada la kitambaa, na humo tuliona majina yaliyopigwa mstari mmoja wa wino mwekundu ilhali safu ya malipo ni tupu. Mwanawe mkubwa alifikiri ni makosa ya hesabu. Mjane, aliyekuwa ndani ya eda na akizungumza nasi akiwa nyuma ya pazia, ndiye aliyetueleza kwamba hao ni wanawake waliofiwa na waume au waliougua, na marehemu alikuwa amewasamehe mbele yake yeye kama shahidi, kila mmoja kwa siku yake.

Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mali ya maiti haigawanywi mpaka gharama za mazishi zitolewe, madeni yalipwe na wasia usiozidi thuluthi utekelezwe. Tumeona humu chamani familia zilizokwama miaka katika hatua ya pili, kwa sababu marehemu wao alibeba madeni yake kichwani na akaondoka nayo. Familia hii ilimaliza madeni kabla ya Ramadhani, ikapeleka shauri Mahakama ya Kadhi ikiwa na karatasi zote, na warithi wakapata mafungu yao bila wakili wala ugomvi. Duka halikuuzwa. Binti aliyebandika namba ya malipo amenunua mafungu ya ndugu zake kidogo kidogo, na ndiye mwanachama mpya mtakayemthibitisha leo katika ajenda ya nne.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo moja tu mwaka huu. Kila mwanachama aweke madaftari mawili, la kudaiwa na la kudai, na amwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani kwake mahali yalipo. Chama kitamwomba mtu wa Ofisi ya Kadhi aje kutueleza habari za wasia na mirathi, na kwa wenzetu wasio Waislamu tutamtafuta wakili wa kufafanua Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Gharama zitatoka katika mfuko wa mafunzo, ambao mhazini ataueleza.

Kiti cha makamu mwenyekiti kiko wazi, na fomu za kugombea zinapatikana kwa katibu hadi mwisho wa mwezi. Aidha, familia imeniomba nitangaze kama ilivyotangazwa kaburini: yeyote anayemdai marehemu na jina lake halimo daftarini, afike dukani siku yoyote baada ya Laasiri, atasikilizwa. Na sisi tunaodaiwa naye, duka ni lile lile na kaunta ni ile ile.