Kabla Hujanunua Kabati la Gari Lililogongwa

Wateja wengi hutufikia karakanani wakiwa wameshanunua: kabati, sinki na siti ya kukunjua iwe kitanda, vyote vimeng'olewa kwenye gari la kulala (lenye kitanda na jiko ndani) lililogongwa. "Ni gari kama langu," wanasema, wakitegemea tufunge kwa siku moja.

Jina ni lilelile, kweli. Lakini gari la jina moja huweza kuwa na bodi fupi au ndefu, paa la chini au la juu, mlango wa kusukuma kulia au kushoto. Kabati la ubavu wa kulia huwezi kuligeuza tu likawa la kushoto. Ncha yake ya mbele itakuwa nyuma, na haitalingana na ukuta.

Hata bodi zikilingana, ukuta wa gari haujanyooka. Kuanzia chini ya dirisha hulalia ndani, na nyuma upana hupungua. Kwa hiyo tunaanza na kadibodi: tunaisimamisha ubavuni, tunaikata kwa kisu kidogo kidogo hadi mwanga usipenye kati yake na bati, ndipo tunaihamishia kwenye plaiwudi. Kabati la chipubodi lililowahi kuloa, liache hukohuko. Likishavimba halirudi.

Siti ndiyo inayotuchelewesha, na hapo hatuombi radhi. Kitanda kitakachokaliwa na abiria gari likitembea lazima kifungwe kwenye chuma, bolti zipite sakafuni na kushikwa kwa chini na bamba nene, ili gari likigonga zisichomoke na kipande cha bati. Plaiwudi haishikilii mtu. Fremu yenye mikanda hatuikati wala hatuiungi kwa kuchomelea, hata ikizidi upana kwa sentimita 2 tu. Tutakuambia utafute nyingine. Mkanda uliokuwa umefungwa wakati wa ajali nao hatuurudishi kazini. Na kabla ya drili kushuka, fundi hulala chini ya gari aone tangi la mafuta na mabomba ya breki yanapita wapi. Matundu ya siti za zamani tunayaziba, la sivyo maji na moshi wa ekzosi vitaingia unapolala.

Jiko la zamani tunaweza kulipima na kulitumia. Mpira wa gesi na regyuleta, hapana, hununuliwa vipya. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, kwa hiyo sanduku la mtungi huwa na tundu la kuitolea nje ya gari. Nyaya za umeme za gari la zamani mara nyingi huja zimekatwa fupi. Tunavuta mpya, na fyuzi inakaa karibu na betri.

Ukiweza, tutumie picha kabla vitu havijang'olewa, pamoja na vipimo vya ndani ya gari lako: urefu, kimo, na upana mara mbili, sakafuni na usawa wa dirisha. Bawaba na skrubu ziwekwe kwenye mfuko. Tumeshapokea kabati zuri sana lisilo na bawaba hata moja.