Barua kwa mwanangu Kadzo: anayejenga asijikague

Mwanangu Kadzo, hujambo? Huku Kilifi wote wazima, bibi anakusalimu sana. Nimefurahi umechagua uhandisi wa nyuklia, ila jana simu ilikatika kabla sijamaliza nilichotaka kukwambia so acha nikuandikie.

Wamarekani walianza na ofisi moja tu, Tume ya Nishati ya Atomiki, ya sheria ya 1946. Tume hiyohiyo ilitengeneza mabomu, ikasimamia vinu vya nyuklia vya jeshi, halafu sheria ya 1954 ikaipa kazi ya kuyavuta makampuni ya umeme yajenge vinu na hapohapo kuyakagua na kuyapa leseni. Mtu anayetaka kitu kijengwe kwa udi na uvumba, huyohuyo ndo aseme kama ni salama? Mimi hilo linaniudhi hadi leo.

Ona Fermi 1, kinu kilichopozwa kwa sodiamu, yaani metali iliyoyeyushwa, kando ya Ziwa Erie, si mbali na Detroit. 1956 kamati ya wataalamu wa usalama ya tume yenyewe iliandika kwamba taarifa zilizopo hazitoshi kuhakikisha kinu kitafanya kazi pale bila hatari kwa wananchi. Barua ikafichwa, na Agosti mwaka huohuo kibali cha ujenzi kikatoka! Chama cha wafanyakazi wa magari cha Walter Reuther kikaenda kortini, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, 1961 wakashindwa. Tarehe 5 Oktoba 1966 kipande cha metali ya zirkoniamu kikang'oka ndani ya kinu kikaziba njia ya sodiamu, fueli ikapata joto ikayeyuka kiasi. Tunashukuru hakuna aliyeumia.

Upande wa jeshi ndo hata leseni hawakuhitaji. SL-1, kinu kidogo cha jeshi kule Idaho, fito za kudhibiti, zile za kupunguza au kuongeza nguvu ya kinu, zilikuwa zinakwamakwama, inajulikana, na kazi ikaendelea tu. Usiku wa 3 Januari 1961 ufito wa katikati ukavutwa kwa mkono kama nusu mita, kufumba na kufumbua kinu kikalipuka, wanajeshi watatu wakafa, vijana kama wewe. Kinu ambacho ufito mmoja tu ukipanda kinalipuka, nani alikikubali?

Wakaja kuigawa tume kwa sheria ya 1974, na wakaguzi wakaanza kujitegemea Januari 1975. Miaka karibu thelathini mwanangu!

Sisi Kenya angalau tumeanza na ofisi mbili, wakala wa kusukuma mradi na mamlaka ya kudhibiti, zote za sheria za 2019. Lakini ofisi mbili kwenye karatasi hazinitoshi, watu wa Uyombo hapa Kilifi walipoandamana 2024 kupinga kinu cha nyuklia kilichopangwa kwao walikuwa wanataka kusikilizwa pia. So ukitafuta attachment omba kwa wakaguzi, na ukifika waulize maoni ya wataalamu yanawekwa wapi mwananchi ayasome. Wakikujibu nipigie, hata usiku.

Baba yako