Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: upepo wa Turkana upimwe huko juu unakopita

Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Petroli, salamu nyingi kutoka Marsabit.

Sikuandikii kuhusu mikataba ya stima wala bei yake, hayo bunge linayajua na wengi washayasema. Nakuandikia kuhusu upepo wenyewe. Pale Sarima, kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru, kuna mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na siku upepo ukiwa mzuri inabeba sehemu kubwa ya stima ya nchi hii. Ombi langu ni moja tu: upepo huo upimwe kila siku, mwaka mzima, kuanzia chini hadi huko juu unakopita kwa nguvu, halafu utabiri wake uwekwe wazi kila mtu auone.

Mtu wa Nairobi anaweza kudhani upepo wa huku ni upepo tu, leo upo kesho haupo. Sivyo hata kidogo. Hewa inatoka Bahari ya Hindi ikielekea kaskazini magharibi, inafika kwenye lile pengo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda zetu za juu, na hapo njia inakuwa nyembamba, inabidi iongeze mbio, vile unavyosikia upepo ukipita kwenye uchochoro wa Lamu wakati barazani hata jani halitikisiki. Mwanasayansi Kinuthia na mwenzake Asnani waliandika habari za mkondo huu mwaka 1982, na wanasayansi wa dunia nzima wanauita jeti ya Turkana. Mkenya alishiriki kuuvumbua Mheshimiwa, na ni jambo la kujivunia.

Sasa sikiliza unavyofanya kazi, maana pesa iko hapa. Mchana jua linachoma mawe ya huku, hewa ya chini inapanda na kuchanganyika na ya juu, upepo unapoteza kasi. Jua likizama ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inatulia, na ule upepo wa juu hauvutwi tena na ardhi, basi unateleza kwa kasi mpaka alfajiri. Sisi tulioko huku hatuhitaji kuambiwa, ukilala Loiyangalani kwenye nyumba ya makuti ya mkoma unasikia jioni unavyoanza, usiku wa manane unavuma kama wa kung'oa kila kitu, na mchana watu wanatembea kama hakuna kilichotokea. Kilele chake kiko mamia ya mita juu ya ardhi, wakati shina la mtambo wa Sarima lina mita 44 hivi na kipima upepo cha kawaida cha kituo cha hali ya hewa kinawekwa mita 10. Kwa hiyo ukitegemea kile cha mita 10 peke yake unakuwa unaona mkia tu, mnyama mwenyewe yuko juu.

Na kosa dogo hapa si dogo. Nguvu ya upepo inapanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake, yaani utabiri ukisema mita 6 kwa sekunde halafu zije 8, nguvu iliyoko kwenye ule upepo ni zaidi ya mara mbili ya uliyotarajia. Ukizidi sana, kama mita 25 kwa sekunde, mtambo unajizima wenyewe usiharibike. Wale vijana na wamama wanaokaa pale kituo cha taifa cha kudhibiti gridi, Juja Road, ndio wanaobeba huo mzigo, maana saa tisa usiku upepo umepanda na Kenya nzima imelala, matumizi yako chini kabisa, inabidi wazalishaji wengine wa stima wapunguze, hata mvuke wa Olkaria unaachiwa uende hewani. Halafu jioni watu wamerudi nyumbani, kila mtu anapika na kuwasha taa, matumizi yanapita megawati 2,000, na kama upepo umechelewa kuamka ndipo mashine za mafuta zinaitwa. Gharama ya hayo mafuta tunailipa sisi, angalia meseji ya tokeni, hela ya stima kando na makato kando.

Najua kampuni za upepo zinapima kwenye maeneo yao, wasingeweza kujenga bila kupima. Lakini hiyo data ni yao. Na modeli kubwa za dunia, yaani zile programu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa ambazo tunazitegemea, zinaudharau upepo huu, kwa sababu zinailainisha milima, pengo linaonekana si la kina vile, upepo unatoka dhaifu kuliko ulivyo. Hilo lilionekana wazi Machi na Aprili 2021 watafiti waliporusha baluni zenye vipimo vya hewa hapa Marsabit pamoja na Idara yetu ya Hali ya Hewa, kwenye kazi iliyoitwa RIFTJet. Walipima wakaona jeti ina nguvu kuliko ilivyokuwa kwenye modeli. Kazi nzuri sana, ila mwezi mmoja hauwezi kukueleza mwaka mzima, seuze miaka ya El Niño na ya ukame.

Kuna kitu kimoja naomba ukiangalie vizuri Mheshimiwa. Duniani kote baluni za hali ya hewa hurushwa kwa saa za kimataifa, na kwetu hizo saa zinaangukia saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Ile ya usiku inakutana na jeti ikiwa karibu na kilele, ile ya alasiri inaikuta imelegea. Ratiba yenyewe imetupendelea! Kilichobaki ni kuwa na kituo cha kudumu, gesi, vifaa, na watu wa zamu wanaolipwa vizuri kuamka usiku.

Shida naiona kwenye ofisi. Stima iko wizara yako, hali ya hewa iko Wizara ya Mazingira, na upepo unapita katikati bila mwenyewe. Naomba ukae na mwenzako mgawane gharama ya baluni za Marsabit. Leseni mpya za upepo, iwe ni huku au Kajiado kama ile Kipeto ya megawati 100, ziwe na sharti la kampuni kupeleka vipimo vyake kwa Idara hata kama ni kwa kuchelewa kidogo. Na utabiri wa upepo wa kesho, saa kwa saa, uwekwe wazi. Wafugaji nao watafaidika, maana jeti hii ndiyo inayopitisha unyevu juu ya vichwa vyetu bila kuudondosha, na ikilegea ndipo mvua inapata nafasi huku.

Naomba jibu la maandishi, na bajeti ijayo tuone mstari wa hiyo kazi umeandikwa.

Wako,
Mkaazi wa Marsabit