Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kukusanya matumaini ya mto kwa sanaa

Mdogo wangu,

Nimesoma mpango wako wa kutandaza kitambaa kirefu chenye picha ya mto, watu wapite na kubandika samaki wa nguo walioandikwa au kuchorwa wanachotamani. Naupenda sana. Ila umejaza kurasa mbili kuhusu rangi na mstari mmoja tu kuhusu swali utakalowauliza watu, na kazi ya namna hii huharibikia hapo.

Ukiuliza "Unatamani mto wetu uweje?", utapata samaki 200 walioandikwa "maji safi". Si kwamba watu hawana la kusema. Swali pana mno hujibiwa kwa adabu, mtu akaendelea na safari yake. Uliza kitendo na mahali: "Ungependa kufanya nini mtoni ambacho leo huwezi, na sehemu gani?" Hapo mmoja atasema kufua chini ya daraja bila ngozi kuwasha, mwingine kuvuka na mtoto msimu wa mvua. Majibu hayo mhandisi wa maji anaweza kuyafanyia kazi. Swali liwe moja. Wala usitundike samaki wa mfano: ukiandika "miti", wengi watakaofuata wataandika miti. Kitambaa kianze na mto na alama zake tu, yaani daraja, kivuko, mdomo wa mfereji na mahali pa kuchotea maji, ili kila samaki akae panapomhusu.

Sasa kitambaa. Chukua marekani ya upana wa sentimita 150: mita 8 za mto na mita 4 za samaki. Ile ya mto ifue kwanza kwa maji ya moto, kwa sababu wanga wa kiwandani huzuia rangi isishike. Ile ya samaki usiifue kabisa; wanga uleule huuzuia wino usisambae hadi herufi zikavimba. Samaki wa sentimita 20 kwa 12 anabeba maneno kama kumi, na mita 4 hutoa zaidi ya 200. Usiache kila mtu akate saizi yake. Blanketi la viraka la kuwakumbuka waliofariki kwa UKIMWI, lililotandazwa Washington mwaka 1987, lilishonwa kwa vipande vya futi 3 kwa futi 6. Kwa kuwa saizi ilikuwa moja, vipande vinane viliungana kuwa mraba mmoja, na kazi ikaweza kukua bila kupangwa upya.

Rangi ya maji lita 1 uizimue kwa lita 1 ya maji, upake mkono mmoja. Ukipaka nzito itapasuka kitambaa kikikunjwa. Hata hiyo nyepesi, kizungushe kwenye mti, usikikunje. Makapeni ziwe za wino usiofutika kwa maji, na uzijaribu: andika, acha zikauke, mwagia maji. Samaki washikizwe kwa pini, kisha wapigwe bandi jioni. Gundi hukakamaza kitambaa, na unyevu wa ukingoni huibandua. Usikitundike baina ya miti miwili kama bango, maana upepo ukikijaza hugeuka tanga na kuchana pindo. Kilaze juu ya meza.

Brashi usizioshe mtoni! Rangi hiyo ina plastiki ndani yake. Tumia ndoo mbili, acha maji yatuame usiku kucha, na mashapo yakikauka yatupwe pamoja na taka ngumu.

Kila meza iwe na watu sita na msaidizi mmoja. Mtu huhitaji dakika 15 hivi, kwa hiyo meza tatu kwa saa tatu zinafikia watu 200 na kidogo. Kazi ya msaidizi ni kusikiliza. Mtu asiyeandika amwandikie vilevile alivyosema, kisha amsomee. Aliyechora aulizwe papo hapo, "Hapa umechora nini?", na jibu liandikwe nyuma ya samaki kwa maneno yake. Ukiahirisha utabaki kubahatisha: duara lenye nukta laweza kuwa mayai ya samaki, mvua au takataka. Namba iwe imeshaandikwa nyuma kabla hujagawa, na herufi ya kituo, yaani mahali mnapokusanyia majibu. Jina halihitajiki, rika linatosha. Picha za watoto zisipigwe bila ridhaa ya wazazi.

Siku moja ya mapumziko itakuletea watoto na wapita njia. Wachota maji wa alfajiri, wavuvi, wachimba mchanga na wenye bustani ukingoni hawatakuja, nao ndio wanaoujua mto kwa mikono yao. Wafuate walipo na mfuko wa samaki waliokwisha katwa. Matumaini yao yatagongana: anayetaka mchanga na anayetaka ukingo usimomonyoke watabandika mahali pamoja. Waache samaki hao ana kwa ana. Ukiwatenganisha ili kitambaa kipendeze, umeficha jambo ambalo watu walipaswa kulijadili.

Sherry Arnstein, Mmarekani aliyeandika kuhusu ushiriki wa wananchi, katika makala yake ya mwaka 1969 alipanga ushiriki wa wananchi kwa ngazi ya vidato vinane, na kuuliza maoni peke yake akakuweka kwenye vidato vya ushiriki wa jina tu, usio na nguvu ya kuamua. Kwa hiyo kabla hujakata marekani, nenda kwa wanaoamua mambo ya mto, upate mtu mmoja atakayepokea majibu na tarehe ya kuyajibu. Tarehe hiyo iandike kwenye pindo la kitambaa, kwa herufi kubwa. Baada ya shughuli, jedwali lako liwe na safu tano: namba, mahali, maneno ya mtu, nani anahusika, na amejibu nini. Safu ya mwisho ikibaki tupu, siku ya tarehe kitandaze kitambaa tena palepale, na jedwali ulibandike kando yake.