Risiti ya Mafuta Kwanza

Mwanangu Rehema,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo, na mama yako kila anayekuja kununua maziwa anamsimulia kwamba Jumatatu unaanza kuruka na ATR, ile ndege ya mapanga. Mimi nami najivuna, ingawa juzi nilipokuuliza habari za mafuta ulinijibu kwa mkato kwamba geji inapima yenyewe, na jibu hilo limeninyima usingizi.

Tarehe 6 Agosti 2005, ATR 72 ya Tuninter, shirika la ndege la Tunisia, iliyotoka Bari, Italia, kwenda Djerba, Tunisia, iliishiwa mafuta, injini zote mbili zikazimika, ikaangukia baharini karibu na Palermo. Kati ya watu 39 walikufa 16. Siku moja kabla, mafundi walikuwa wamefunga geji ya ATR 42, ndege ndogo kuliko hiyo, nayo geji ilionyesha mafuta mengi kuliko yaliyokuwamo. Kapteni aliona kiasi kimepanda, akaulizia risiti ya kujazia, akaambiwa itatafutwa, akaruka. Hata onyo la mafuta kupungua halikuwasaidia, kwa kuwa lilitegemea geji ileile.

Basi usikubali injini ziwashwe kabla hujaishika risiti. Nilipokuwa naendesha boza uwanjani tulitoa mafuta kwa lita, ninyi mnahesabu kwa kilo. Zidisha lita kwa 0.8 hivi, ujumlishe na yaliyobaki, ulinganishe na geji. Zikipishana, omba vijiti vya kupimia mafuta vya chini ya bawa visomwe, hata abiria wakinung'unika. Najua unavyowaonea haya wakubwa, na tabia hiyo sikuipenda tangu zamani.

Injini ikifa, msiwe na papara: huko Taipei, Februari 2015, kapteni wa ATR 72 alizima injini iliyokuwa nzima badala ya ile iliyopoteza nguvu. Mmoja ataje upande, mwenzake athibitishe, ndipo mkono uguse. Tangi la upande mmoja likipungua haraka, msifungue njia ya kuvusha mafuta kabla ya kujua kama linavuja, msije mkayamwaga na yale ya upande mzima. Zikifa zote mbili, yageuzeni mapanga ya injini yaukate upepo kwa ukingo, yasiizuie ndege. Wale wa Palermo hawakuyageuza, wakawa wanahangaika kuwasha injini kwa sababu geji ilikuwa bado inaonyesha mafuta. Ndiyo maana narudia habari ya risiti, mwanangu, hata kama unachoka kuisikia.

Mdogo wako anakwenda bweni. Godoro limepatikana, sanduku bado. Mnunulie la bati Kariakoo, umkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, mama yako atalipokea stendi. Ukishatua safari ya kwanza piga simu, hata iwe usiku.

Baba yako