Mwanangu, habari za Kombo ndo hizi

Mwanangu asalamu alaikum, natumai mzima huko Kuala Lumpur na mitihani inakwenda vizuri. Sisi huku Maskati wazima alhamdulillah, joto ndo limeshaanza kuchoma, bibi yako magoti yanamsumbua vilevile. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu mie ntalia na wewe utalia halafu hatutoelewana kitu. Babako alitaka nisikwambie mpaka umalize mitihani lakini nimekataa, nnakujua, ungekuja kusikia kwa binamu zako kwenye grupu la wasap ungetununia mwaka mzima.

Kombo, kasuku wetu, anaumwa. Na si mafua wala si joto, ana fangasi ndani ya kifua, ugonjwa unaitwa aspagilosisi, na daktari kasema ni mkubwa. Yuko hai, anakula kidogo, asubuhi hii kanitukana kama kawaida yake nilipofungua tundu. Nimeanza na hilo ili usisome barua yote roho iko juu.

Ilianza na sauti. Unajua anavyopiga hodi magharibi kwa sauti ya bibi mpaka watu wanaitika karibu, basi ile hodi ikaanza kutoka imekwama, kama mtu anaongea ndani ya mtungi, baadae ikawa nusu, baadae akaacha kusema kabisa akabaki na kupiga mluzi tu. Halafu nikaona mkia. Akiwa ametulia kwenye kijiti chake, hajaruka wala hajafanya lolote, mkia unapanda unashuka, unapanda unashuka, kila pumzi. Kliniki ya mwanzo tuliyompeleka, sitoitaja jina, daktari kamuangalia kwa nje ya tundu hata hakumgusa, akatupa chupa ya antibayotiki na bili, eti atapona. Hakupona. Jirani ndo akatuelekeza kwa huyu mama wa sasa ambae anatibu ndege hasa, na wateja wake wengi ni kozi wa kuwindia, wale wa mashekhe.

Huyu mama kitu cha kwanza kampima uzito. Kombo zamani alikuwa gramu 470, unakumbuka ulivyokuwa ukimpima kwenye mizani ya jikoni ukimwita mnene, sasa alikuwa 410. Akasema ndege akipungua hivo ujue keshaumwa muda mrefu, maana ndege huficha ugonjwa, porini anaeonesha udhaifu ndo anaeliwa, kwa hiyo mpaka wewe umeona ujue yeye keshachoka kujificha. Wakamlaza kwa gesi ya usingizi wakampiga eksrei, wakamtoa damu, seli nyeupe ziko juu sana, halafu wakaingiza kikamera kidogo ubavuni. Mie nimekaa nje nasoma Ayatul Kursiy na babako anazunguka pakingi anajifanya anaongea na simu.

Akanionesha ile eksrei nikaielewa japo mie si msomi wa hayo mambo. Ndege mapafu yake hayatanuki kama yetu, hewa inazungushwa na vifuko maalum vimejaa mwilini, vyengine vinaingia mpaka kwenye mifupa. Kwenye picha vile vifuko vinatakiwa viwe vyeusi vitupu kwa sababu ni hewa, vya Kombo upande wa kushoto mna ukungu, na kikamera kikaonesha mabaka meupe yenye ukijani juu yake, ukungu kama ule unaouona kwenye mkate uliosahauliwa. Na sauti imeharibika kwa sababu sauti ya ndege haitokei kooni, inatokea chini kifuani pale bomba la pumzi linapogawika mara mbili, na hapo napo pana uvimbe.

Sasa kituko. Daktari ananiuliza, anakohoa? Nikamwambia anakohoa tangu 2009, bibi yako akacheka ndani ya gari mpaka akatoka machozi, ikabidi tumueleze kwamba kile ni kikohozi cha marehemu babu, na kile cha pili cha kusafisha koo ndo babu akitaka chai. Akasema ndege hawana ule msuli wa kifua tunaokoholea sie, kasuku ukimsikia anakohoa kama mtu aghlabu anaigiza tu. Kwa hiyo kikohozi kizima, mgonjwa ni kifua, mambo gani haya.

Nilimuuliza kaupata wapi. Kasema vijimbegu vya hiyo fangasi viko kwenye hewa ya kila nyumba, mimi nnavivuta na wewe unavivuta, mwili wenye nguvu unavimaliza. Ila kasuku wa kijivu ni katika ndege wanaoshindwa nao upesi, kozi nao hivohivo hasa wale weupe wanaoletwa kutoka nchi za baridi, ndo maana madaktari wa huku Ghuba wanaujua huu ugonjwa kuliko wengi, hapo Abu Dhabi kuna hospitali nzima ya kozi tangu 1999. Ukichanganya alizeti na karanga tupu miaka nenda miaka rudi, vitamini A inapungua na ngozi ya ndani ya njia ya hewa inadhoofika, karanga zenyewe za maganda zinapenda kuota ukungu, ongeza na eisi inayodondosha maji ukutani, na moshi. Na nyumba yetu mwanangu unaijua, moshi ndo kwao.

Basi hapo ndo pakawa na kazi. Kumwambia bibi yako aache kufukiza! Mtu kazaliwa Pemba kakulia kwenye udi, kaja huku kakuta lubani ya Salala, kila magharibi chetezo kinazunguka vyumba vyote mpaka chooni. Nilipomwambia alinyamaza kwanza, halafu akaanza, tangu lini lubani ikamdhuru kiumbe, mama yangu kafukiza mpaka kafa na miaka tisini na kasuku tulikuwa nae. Nikamuacha. Usiku nikamsikia anasema na Kombo peke yake pale sebuleni, asubuhi nikakuta chetezo na makaa na kopo la udi viko nje kwenye ua kwenye kile kibanda cha mashine ya kufulia, na akanipa amri kwamba anaetaka kufukiza nguo aende huko na asirudi ndani mpaka apepewe. Shangazi yako kaja Ijumaa ananukia bukhuri kutoka harusini kakalishwa barazani. Kaudhika, lakini kakalishwa.

Sufuria ya babako ya kukaangia mayai nayo imeondoka, ile isiyogandisha. Ile ikipata moto kupita kiasi inatoa moshi ambao sie hata hatuusikii lakini ndege anaweza kufa nao kwa muda mfupi, hata mzima wa afya. Babako saivi anakaangia kwenye chuma, mayai yanaganda, analalamika.

Dawa ndo hivi. Kuna ya kunywa inaitwa vorikonazoli, asubuhi na jioni. Nakwambia jina kwa sababu nnajua utakwenda kutafuta kwenye intaneti, na utakutana na nyengine itrakonazoli utauliza mbona hawajampa hiyo ambayo bei yake nafuu, jibu ni kwamba kasuku wa kijivu hawaiwezi vizuri, wanaacha kula, na yeye kuacha kula ndo hatutaki. Namfunga kwa taulo ya bluu, ile yako, kichwa nje, namshika pembeni mwa taya kwa vidole viwili, kifua sikibani hata kidogo maana kifua kikibanwa ndege hapumui, halafu sirinji bila sindano naipitisha ubavuni mwa mdomo taratibu. Anang'ata. Nina alama kwenye kidole gumba. Akishameza ananitazama kwa jicho moja na ile mboni yake inakuwa ndogo halafu kubwa halafu ndogo, ujue hapo anapanga kisasi.

Halafu kuna nebulaiza, kama ile ya pumu ya bibi, yeye anawekwa kwenye tundu dogo linafunikwa na nailoni na dawa inaingia kama ukungu. Bibi alikuwa na wasiwasi Kombo atamuambukiza kifua, daktari kasema hapana, haitoki kwa ndege kuja kwa mtu, inatoka kwenye mazingira. Kwa hiyo jioni bibi na Kombo wanakaa pamoja kila mtu na mashine yake inavuma, wanaangalia tamthilia ya Kituruki.

Kwenye chakula ndo anatutia adabu. Karoti kairusha imempata babako. Boga hataki. Pilipili hoho nyekundu anakula, viazi vitamu vya kuchemsha anakula akipewa na mkono wa bibi tu. Namuweka kwenye mizani kila asubuhi kabla hajala naandika kwenye kalenda ya jikoni, juzi 412, jana 409, leo 413. Usije ukaniuliza kila siku, namba inapanda inashuka, mie nimeacha kufurahi na kununa kwa gramu mbili.

Sasa ile sehemu ambayo babako ndo hakutaka uisome. Nilimuuliza daktari atapona? Hakusema ndio. Alisema ni miezi, si wiki, na dawa zenyewe zinalitaabisha ini kwa hiyo damu itapimwa tena na tena, na wapo wanaotoka na wapo wasiotoka, na huyu wetu kachelewa kidogo. Sauti hata akipona huenda isirudi. Na kasema ikifika akawa anahangaika kupumua mchana na usiku na dawa haimsaidii, ipo sindano ya kumpumzisha. Mie nimeshamwambia hatutomuacha ateseke ili sie tu tusilie. Nimekwambia mapema ili siku hiyo ikija, na Mungu aiepushe, usiseme mama umeamua bila mimi. Kama una la kusema wakati wake ni saivi, na ntakusikiliza, si vya kusema tu.

Watu wameshaanza maneno. Shangazi yako huyohuyo wa barazani kasema kwa riali zote hizo mngenunua mwengine. Kwanza kasuku wa kijivu si kitu cha kununua kama kuku, tangu 2017 biashara ya kimataifa ya wale wanaotegwa porini imepigwa marufuku, Kongo na Kameruni wametegwa mno. Na pili huyo mwengine atakohoa kikohozi cha nani? Sikumjibu hilo, nimelijibu kwenye barua. Na wewe huko ukimwambia mtu ndege wangu mgonjwa na akacheka, usipoteze muda kumueleza. Lia ukitaka, unamlilia uliekua nae tangu huna meno ya mbele, aliekuwa anakuita kwa sauti yangu ukachelewa skuli ukija mbio jikoni kuniuliza nimetaka nini.

Usije. Nnajua utatizama tiketi. Kuja kwako hakutompunguzia uvimbe na mtihani utaukosa, na akishtuka kwa shangwe atapaparika, na kupaparika saivi kunamchosha. Unachoweza kufanya nitumie voisi fupi, taratibu, usipige kelele, ile namna yako ya kumwambia "Kombo lala". Nilimuwekea ile ya zamani iliyomo kwenye simu akasogea mpaka kwenye nyavu akainamisha kichwa akwanguliwe. Ila kumbuka tofauti ya saa nne, usinitumie ukitaka kulala huko mie huku ndo napika.

Na usisome mambo ya ugonjwa usiku. Soma mchana kama lazima, andika maswali yako nitumie nimpelekee daktari, huyu mama hachoki kuulizwa. Eksrei ya pili ni mwisho wa mwezi huu, siku hiyohiyo ntakwambia ilivyo, iwe nzuri iwe mbaya, sitokuficha na babako nshamwambia.

Pesa za nyumba nimetuma jana, angalia akaunti. Msalimie yule mwenzio wa chumba, mwambie zile achari alizozipenda bibi kamtengenezea chupa nzima, ntampa mtoto wa jirani anaekuja huko mwezi ujao.

Mamaako.